Nilivyoficha Misiba kwa Rangi Nyeusi

Shirima ndiye aliyenisingizia wizi kiwandani nikafukuzwa. Namtaja, kwa maana maumivu ya kusingiziwa nayajua. Na bado nikamfanyia vilevile Manka, binti ninayefanya naye kazi.

Kompyuta ya duka letu la kuchapa, hapa mtaani Pasua, inaorodhesha mafaili kwa maandishi tu kwenye kioo cheusi. Jana niliyabadilisha rangi mwenyewe: ya harusi kijani, ya misiba nyeusi, kwa heshima ya marehemu.

Leo mjane kafuata ratiba ya mazishi, haionekani.

"Manka kaifuta!" nikafoka mbele yake.

"Baba Eliya, nyeusi juu ya nyeusi utaionaje?" Manka akabonyeza mshale wa kushuka; kila faili lililofikiwa likamulikwa kwa mwanga mweupe, marehemu wakajitokeza mmoja mmoja. Mjane mwenyewe akacheka.

Manka akachapa ratiba, akanimiminia chai. Asante, binti yangu. Kesho nakuletea jani la isale, lile la kuombea msamaha kimila, uniwie radhi.