Jasho la Injini

Fundi aliyenichezea kwa miezi minne alivaa ovaroli iliyopigwa pasi. Nilipaswa kujua mapema. Mtu anayeshinda chali chini ya magari hawezi kuwa na mstari wa pasi mguuni saa kumi jioni. Mimi nikadhani ni usafi, na usafi hunihadaa haraka, maana nimefundisha watoto wadogo miaka mingi.

Gereji yake ipo Voi, nyuma ya maduka yanayotazamana na barabara kuu. Nilimpelekea gari langu, steshenwagoni kuukuu ya petroli, anirekebishie tapeti, vile vyuma vya kusukuma vali, zilizokuwa zikipiga kelele. Akafungua mfuniko wa juu wa injini, akazirekebisha, akafunga. Kelele zikaisha. Wiki mbili baadaye nikaanza kuona oili chini, pale ninapoegesha shuleni. Mwanzoni matone matatu, halafu doa la ukubwa wa chapati.

Nilirudi kwake Jumamosi nikiwa na mume wangu. Mume wangu ni mtu mwema, karani mstaafu, ila hajawahi kuendesha kitu kikubwa kuliko baiskeli. Mwenye leseni ni mimi. Fundi aliinama kwenye injini muda mfupi tu, akashusha boneti, akamgeukia yeye.

“Mzee, hii ni gasketi ya sampu, chini kabisa. Mwambie mama tutabadilisha.”

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, ufunguo wa gari mkononi.

“Mama yuko hapa,” nikasema.

“Sawa, mama,” akajibu, macho bado kwa mume wangu.

Na mume wangu, ambaye hajui sampu ni mnyama gani, akaitikia kwa kichwa taratibu, kama hakimu aliyeridhika na shahidi.

Gasketi ya sampu, ule mpira unaoziba ukingo wa bakuli la oili, ikabadilishwa. Aliipaka gamu nyekundu nyingi hadi ikafurika pande zote kama jemu ndani ya mkate. Oili ikaendelea kudondoka. Tuliporudi, akasema tatizo ni sili ya nyuma ya injini, na kwamba ni lazima giaboksi ishuke. Siku nne nilienda kazini kwa bodaboda, vumbi la Voi likinijaa masikioni. Gari likarudi. Asubuhi iliyofuata, doa lilikuwa palepale.

Safari ya tatu hakufungua hata boneti.

“Mzee, gari la umri huu lazima litoe jasho. Ni jasho tu hilo.”

Jasho! Mimi nimekulia milimani, nimepanda miteremko ya Taita na mzigo wa kuni kichwani, jasho nalijua. Jasho si kitu cha kuongezewa mkebe mzima kila Ijumaa. Lakini unajua nilisema nini? Nilisema asante. Mtu mzima na cheti chake cha ualimu, nikamshukuru mtu kwa kunidanganya, tena kupitia mume wangu. Sehemu ya dharau ninayomwekea yule bwana nastahili mimi mwenyewe.

Likizo ya Agosti tukaondoka kwenda Njukini, kwa mama mkwe wangu, kusaidia mavuno ya mahindi. Tulikuwa tumeshapita mbuga na tunakikaribia kilima cha Salaita taa nyekundu ya oili ilipoanza kupepesa mbele yangu. Nikasimamisha gari pembeni na kuzima injini. Harufu ya oili inayoungua ilikuwa imejaa ndani. Mume wangu alikuwa ameshatoa simu na kumpigia fundi. Akaweka sauti kubwa ili nami nisikie.

“Mwambie mama asiogope,” ile sauti ikasema. “Hiyo taa ni shida ya waya. Aendeshe tu.”

Nikashuka, nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Kilitoka kikavu hadi ncha. Kama ningemsikiliza, injini ingekwama kabla hatujafika Taveta. Nikamimina mkebe wote niliokuwa nao. Nilipowasha, taa ikazimika.

“Kumbe si waya,” mume wangu akasema kwa sauti ndogo.

Nilikuwa na maneno mengi, na hakuna hata moja lililomfaa mtu niliyefunga naye ndoa kanisani.

Asubuhi, pale Njukini, injini ikiwa imepoa, nilifunika nyaya na plagi kwa mifuko ya plastiki, nikaisugua injini yote kwa brashi na mafuta ya taa, nikaiosha kwa sabuni. Ilipokauka, nikaomba unga wa ngano jikoni, nikaupuliza taratibu kila mahali, hasa upande wa nyuma usiofikiwa na upepo wa feni. Mama mkwe akatoka na kikombe chake cha chai, akasimama kutazama.

“Mwanangu, unapika nini humo?”

“Nampika fundi, mama.”

Akacheka hadi chai ikamwagika, akavuta kigoda akakaa.

Niliwasha injini, nikaiacha ingurume huku nikimulika kwa tochi ya simu. Chini, kwenye sampu, unga ulibaki mweupe. Pale giaboksi inapoungana na injini, mweupe pia. Kisha juu kabisa, kwenye kona ya nyuma ya ule mfuniko wa tapeti, unga ukaanza kulowa. Mstari mweusi ukateremka polepole nyuma ya injini, ukafika kwenye giaboksi, ukaanza kudondoka. Ni hilo tu. Oili huteremka, kama maji. Watoto wangu wa darasa la nne wanalijua hilo, lakini yule bwana alikuwa akitafuta mvujo kwenye tone la mwisho.

Injini ilipopoa tena nikafungua mfuniko. Boliti mbili za nyuma, ambazo ni shida kufikia, zilitoka kwa vidole, bila spana. Hakuwa amezikaza. Na gasketi ilikuwa imejikunja kwenye ile kona, ikaachwa hivyo, ikazibwa kwa donge la gamu nyekundu. Alivunja mwenyewe, kisha akanizungusha miezi minne kutafuta alichovunja.

Mume wangu aliiokota ile gasketi. Halafu akaikunja kwenye gazeti, akapanda bodaboda hadi Taveta bila kutumwa, akarudi na mpya ya kipimo kilekile.

“Muuzaji ameniuliza fundi ni nani,” akasema. “Nikamwambia ni mke wangu.”

Nilifuta kingo zote zikang'aa, nikailaza gasketi, nikakaza boliti kidogokidogo kuanzia katikati, zile mbili za nyuma nikiwa nimelala juu ya injini kama nguo iliyoanikwa. Tulirudi Voi bila kuongeza oili hata kidogo.

Jumamosi iliyofuata niliitupa ile gasketi ya zamani juu ya meza ya fundi. Akaigeuza, akamtazama mume wangu.

“Mzee, hii sasa…”

“Ongea na mwenye gari,” mume wangu akamkata.

Ilimchukua muda kupata uso wangu, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

“Nani alikufungulia, mama?”

“Mimi.”

Akacheka. “Basi itavuja tena.”

Sasa ni zaidi ya mwaka na haijavuja. Siku ile sikubishana naye. Tuliondoka, na tulipofika nyumbani mume wangu aliniomba nifungue boneti nimwonyeshe oili inapita wapi. Nilimweleza kwa nusu saa. Hakuelewa kitu, lakini safari hii alikuwa ameniuliza mimi.