Pompi ya Gihosha Inaenda Polepole

Bella, binti anayekusanya habari za wazee kwa kitabu, ananisumbua. Kila akipanda huku Gihosha ananiambia, Mama Mwantum, andika, wazee wote wa Bwiza wametoa habari zao, umebaki we tu. Mi kalamu nilishika kidogo pale madrasa, kisha nikashika sufuria. Na mambo yangu ni yangu. Lakini Bella amesema hiki kitabu chao kinasomwa mpaka Bulaya, kwa watoto wetu waliohamia huko. Kwa neno hilo moja nimekaa. Atakayecheka herufi zangu aje anichekee usoni.

Mi ni mutoto wa Bwiza, mutaa wa chini mujini. Nyumba ya baba ilikuwa kati ya baa na duka la vipuri. Upande mumoja muziki, upande mwingine nyundo, sisi katikati tunaswali. Bwana yangu Atumani alikuwa fundi wa magari, na hata akifika nyumbani alikuwa anaongea kwa kelele kama bado yuko chini ya gari. Mungu amurehemu. Sikuzaa, Mwantum ni jina langu mwenyewe. Lakini mudogo wangu Hayat alipokufa aliniachia Houda, mutoto bado anatambaa, nikamubeba mugongoni nikamulea. Alikuwa mutoto wa kujibu. Ukimuambia nyamaza, anakuuliza, mpaka saa ngapi?

Houda alisoma, akaenda Brussels, akajenga nyumba hapa Gihosha juu, na pisini nyuma, bwawa la kuogelea. Akaniambia, Mama Mukubwa, hamia wewe, nyumba isiyo na mutu inaoza. Nikahamia. Huku kila nyumba iko na ukuta, na nyuma ya ukuta iko mbwa. Hakuna anayekuja kuomba chumvi.

Sasa hiyo pisini. Hakuna anayeoga humo. Lakini maji ikisimama inageuka kijani, mbu wanazaa, ndiyo maana iko pompi: inavuta maji, inaipitisha kwenye muchanga, inairudisha safi. Pompi ya kwanza ilikuwa na mwendo mumoja tu, kama pikipiki ya mulevi. Ilinguruma mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Mi niliipenda. Nikimaliza swala ya asubuhi ninaiwasha, ninaiacha mpaka magharibi. Ninapika, inanguruma. Ninafua, inanguruma. Nilikuwa ninaijibu. Ni kama Atumani alikuwa nyuma ya nyumba anagombeza watu wake.

Umeme ikaliwa sana. Houda akapiga simu.

— Mama Mukubwa, nilisema saa chache tu!

— Maji inataka kazi.

— We ndiye unataka kelele!

Alisema kweli, na ndiyo maana nilikasirika.

Akatuma fundi, Jérémie, mutu muzima mwenye ndevu nyeupe. Akaleta pompi mupya ya kubadilisha mwendo, na kisanduku cha ukutani kinachoiongoza. Hicho kisanduku kinaongea na simu ya Houda kulekule Brussels. Jérémie akanielezea: asubuhi pompi inakimbia kidogo, ivute majani iliyoanguka juu ya maji, kisha inaenda polepole muchana wote, jua ikiwa kwenye mabamba ya umeme juu ya paa. Nikamuambia, polepole ni uvivu.

— Mama, maharage unapika kwa moto gani?

— Makaa kidogo, muda murefu.

— Na ukitia makaa yote mara moja?

— Inaungua chini, juu mbichi.

— Basi ni hivyo. Ukipunguza mwendo nusu, umeme haipungui nusu tu. Inabaki kama kipande kimoja kati ya nane. Maji inachelewa, lakini inapita siku nzima, na muchanga inashika uchafu vizuri.

Nilielewa. Mi si mujinga. Lakini pompi ile ilikuwa haisikiki. Lazima uiname uweke sikio. Nyumba ikawa kimya mpaka nikawa ninasikia meno yangu nikitafuna.

Houda akapiga tena.

— Mama Mukubwa, tafadhali, usiguse kitu. Inajiendesha yenyewe.

— Nyumba ambayo nisiguse kitu, mi ni nani ndani yake? Mulinzi?

— Niko kazini, tusigombane.

— Basi fanya kazi yako.

Nikakata. Hakupiga tena. Na mi siwezi kuanza. Kwetu mutoto ndiye anatanguliza salamu, mukubwa anaitikia. Nikianza mi, nitakuwa ninaitikia nini?

Siku moja nikaenda kwenye kisanduku, nikabonyeza kimushale cha juu. Pompi ikapanda, ikanguruma kidogo. Nikavuta kiti, nikakaa na chai yangu ya tangawizi. Haikupita muda, ikashuka. Mi sikugusa. Nikasema, ala! Houda ameona. Ameshusha. Mutoto wa kujibu!

Nikapandisha. Akashusha. Kesho yake tena. Ikawa desturi. Nilikuwa ninavaa kitenge kizuri kwanza, ndipo ninaenda kwenye kisanduku. Ninapandisha, maana yake nimeamka muzima. Akishusha, maana yake nimekuona Mama Mukubwa, acha ukorofi. Nikiona kama anachelewa, moyo inapiga, labda anaumwa, labda baridi ya kule. Ikishuka ninasema alhamdulillah, ninaenda kuchambua muchele. Ramadhani nzima nilimupandishia saa ya kufuturu.

Baada ya Idi Jérémie akarudi kusafisha muchanga. Akaangalia kisanduku, akacheka.

— Yampayinka! Mama, nani anachezea mwendo hapa?

— Mi ninapandisha. Houda anashusha.

— Houda?

— Ego, ni yeye. Ndivyo tunaongea.

Akaacha kucheka. Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole, hata pale ilipokuwa safi.

— Mama, hakuna mutu anashusha. Ni kisanduku. Nilikipanga mi mwenyewe. Mutu akipandisha kwa mukono, kinamuachia muda kidogo, kisha kinarudisha mwendo wake. Ndivyo kinalinda umeme.

— Lakini anaona.

— Angeona kama angefungua ukurasa wa pompi kwenye simu yake.

Akanisomea kwenye kioo cha kisanduku. Houda hajafungua tangu kabla ya Ramadhani.

— Si kwa ubaya, Mama. Mashine ikienda vizuri, mutu anaisahau. Ndiyo raha yake.

— Na ikizimika?

— Ah, ikizimika simu yake inalia palepale.

Akaona ninatazama swichi kubwa.

— Mama, apana!

— Nani amekuambia kitu? Kunywa chai yako.

Alipoondoka nilienda mbele ya ile swichi, nikaweka mukono. Ningeishusha, Houda angepiga, na neno lake la kwanza lingekuwa: pompi imekuwa nini? Nimulee mutoto mugongoni, kisha nipigiwe simu ya pompi? Nikaondoa mukono.

Sasa inaenda polepole. Maji iko safi mpaka unaona vigae vya chini. Sipandishi tena. Muchana ninasogeza kiti karibu, ninainama, ninaisikiliza. Inafanya mmmm, basi.

Kwetu mukubwa akigombana na mutoto, anatuma mutu aende katikati yao. Zamani nilikuwa ninamutuma Atumani. Leo ninatuma we unayesoma. Kama uko Brussels, au uko na ndugu kule, mutafute Houda, binti ya Hayat wa Bwiza. Ana kovu ya moto kwenye mukono wa kushoto, alishika sufuria yangu ya maandazi na nilikuwa nimemukataza. Usimuonyeshe herufi zangu. Muambie pompi ni nzima, asiulize habari yake. Apige Ijumaa baada ya swala, aanze na salamu, mi nitaitikia. Kisha umupelekee Bella jibu la Houda, aniletee. Usikalie jibu.