Nani Kaligusa Gari la Baba Mkubwa?

Baba mkubwa alikuwa mtunza stoo maisha yake yote ya kazi, na kustaafu hakukumtoa stoo kichwani. Kopo la sukari nyumbani alilitia alama ya kalamu kwa nje. Jirani akimsalimu kwa uchangamfu, alijiuliza jirani huyo anataka nini. Mtaani walimwita Kufuli, na jina lilimpendeza. Mimi, mtoto wa mdogo wake, niliishi chumba cha uani, kwa hiyo kitu kikipotea nilikuwa wa kwanza kutazamwa.

Asubuhi ile binti yake alikuwa anatoka hospitali na mtoto mchanga, mjukuu wa kwanza. Baba mkubwa alikuwa ameapa kwamba mtoto huyo hatapanda gari la mtu mwingine. Akavaa shati la pasi, akaingia garini, akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka weee, haikushika.

Akashuka, akanitazama mimi badala ya gari.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa, baba mkubwa."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Haki ya Mungu, nilichemka. Lakini siku kama hiyo utagombana vipi na mtu? Nikameza.

Akaanza uchunguzi. Aliwasha taa, zikawaka kali: betri nzima. Stata ilikuwa inazungusha injini vizuri, nayo haikuwa na kesi. Mshale wa mafuta ulionyesha nusu tangi, lakini hakuuamini. Alifungua kifuniko, akanusa, akanitaka nilitikise gari naye akitega sikio. Mafuta yakacheza ndani. Nikangoja kuombwa radhi. Wapi!

"Kumbe mafuta hukuiba," alisema, kwa sauti ya mtu aliyebakiza mashtaka mengine.

Akafungua plagi moja, akaichomeka kwenye waya wake na kuigusisha kwenye chuma cha injini, nami nikazungusha ufunguo.

"Cheche ipo?" alimuuliza mama mkubwa aliyesimama kando, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameinama juu ya plagi hiyo hiyo.

"Ipo," alijibu mkewe, kwa upole ambao sikuuelewa.

Basi moto upo na mafuta yapo, ila hayafiki. Ukifungulia ufunguo bila kuwasha, pampu ya kwenye tangi hulia kidogo. Nikafungulia. Kimya. Tukakagua fyuzi, nzima.

"Pampu haipati umeme," nilisema.

Baba mkubwa akaganda. Akatazama kiti cha dereva, kisha akanitazama mimi.

"Kaniletee maji."

Nilikwenda jikoni nikachungulia dirishani. Akafunua zulia chini ya kiti, akapapasa, na pampu ikalia. Kumbe zamani alikuwa ameweka hapo swichi ya siri ya kukata umeme wa pampu, aizime kila anapoegesha mjini, wezi wahangaike. Angeweza kuikagua tangu mwanzo, ila hakutaka mimi, mwizi mwenyewe, nijue ilipo. Asubuhi nzima tumefungua plagi kwa sababu hiyo!

Nilirudi na maji huku nacheka, kicheko kikanikauka. Baba mkubwa alikuwa anamkodolea macho mkewe. Swichi ile hakuizima hata siku moja gari likiwa nyumbani, na aliyewahi kuonyeshwa ni mtu mmoja tu.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Wewe! Mtu niliyemwamini peke yake!"

"Juzi nusura umgonge mwenye baiskeli, mchana kweupe. Nikapiga kelele, ukaniuliza baiskeli gani. Leo unataka kumbeba mtoto."

"Si ungeniambia?"

"Nimekwambia mara ngapi, mume wangu, kwamba macho yako yanakwisha? Kila nikikwambia unaniuliza nani kanituma."

Alifungua mdomo, na nina hakika swali lilikuwa lile lile. Halikutoka. Akatazama uani kama anayemtafuta mtu wa kumbebesha lawama, akanifikia mimi, akanipita. Nilikuwa na hasira naye tangu asubuhi, lakini pale nilimwonea huruma. Akachomoa ufunguo, akanipa.

"Na mtoto," alimuuliza mkewe taratibu, "sura yake nitaiona?"

"Tutamsogeza karibu," alisema mama mkubwa, akamfungulia mlango wa nyuma wa gari.