Vijiko Viwili

Siku yangu ya kwanza kazini, Mganga Mfawidhi wa kituo cha afya huko Ruangwa hakunipa hata kiti. Alinipa vijiko viwili.

"Tabibu, dawa iliyo mkononi haijatibu mtu. Mgonjwa akishindwa kumeza, weka kidonge kwenye kijiko hiki, kandamiza kwa hiki, unga utie kwenye uji."

Nililishika neno lile. Ruangwa, kisha Nachingwea, na mwisho zahanati ya Nambilanje, niliwafundisha kina mama hivyo, nao wakafundishana mpaka mashambani.

Jingine nililorithi ni dawa ya amiba. Aliyehara damu tulimpa. Akirudi, tukampa tena. Somoe, fundi cherehani, binti pekee wa Bi Zainabu, alirudi mara nyingi hadi nikaona haya kumtazama. Nikampigia simu Mganga Mkuu wa Wilaya.

"Amiba gani huyo asiyekufa?" alifoka. "Mpe rufaa, akaangaliwe utumbo."

Hospitali ya rufaa walimwingiza kamera, wakakuta vidonda kwenye utumbo mpana. Hawakuwa wadudu. Kinga ya mwili wake ndiyo iliyokuwa ikiushambulia utumbo, ugonjwa unaotulia kisha ukalipuka. Daktari bingwa alimwandikia steroidi ya kuituliza kinga hiyo, aina ambayo sikuwahi kuishika: kidonge chenye ganda linalopita tumboni likiwa zima na kuyeyuka chini, dawa ikatua palepale penye kidonda, bila kumvimbisha mtu uso kama prednisoloni tuliyoizoea. Karatasi yake ilisema kimezwe kizima. Mimi nilimweleza Bi Zainabu kimoja kila asubuhi, asiruke hata siku moja. La kumeza kizima sikulisema. Niliona ni jambo linalojulikana.

Wiki zikapita, damu haikukoma. Asubuhi moja nikapanda bodaboda kuwafuata. Somoe alikuwa amelala ukumbini, mashavu yamebonyea. Mama yake alichutama kando ya bakuli la uji, kijiko juu ya kijiko, anakandamiza.

"Karibu, daktari. Mdomo umemjaa vidonda huyu, kumeza hawezi. Namsagia vile ulivyotufundisha. Sijamwaga hata chembe."

Ganda lilikuwa vipande vipande. Siku zote hizo dawa iliishia juu, kule chini kwenye vidonda haikufika.

"Vimebaki vingapi, mama?"

"Hiki ndicho cha mwisho."

Vingine sikuvipata Nachingwea wala Lindi. Nilimwanzishia prednisoloni, nikamrudisha rufaa siku ileile, lakini maji yalishamwagika. Utumbo ulitoboka kabla ya upasuaji. Tulimzika Nambilanje.

Nimestaafu sasa, na vijana mnaoanza kazi mnaniomba hekima. Sina. Someni karatasi ya dawa mpaka mwisho, na semeni hata lile mnaloona kila mtu analijua. Mengine niliyoyafanya kazini siyakumbuki vizuri. Asubuhi ile naikumbuka yote.

Bi Zainabu huja sokoni Nachingwea msimu wa ufuta. Hunishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ulihangaika sana, daktari. Siku zake tu zilitimia." Namwitikia. Sijawahi kumwambia.

Juzi alikuwa ametoka kununua vijiko vipya. Mtoto wa jirani anaumwa, alisema, na mama yake hajui kumpa dawa, anakwenda kumfundisha. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikamuuliza habari za ufuta.