Shimo Nyuma ya Nyumba Yetu

Apana, usiniambie ati yaya hachungi mutoto. Ule dada yangu mukubwa njo alinishika mukono tukivuka kutoka Kongo, na sijaona mwenye kuchunga kumupita. Wewe unaikala kule boma ya Nchelenge, mu muji, fasi matofari inafikaka imepakiwa mu kamyo. Huku Mantapala, kambi yetu ya wakimbizi, nyumba inatokaka mu udongo ya pale pale. Unachimba, unapiga matofari, unachoma, unajenga. Ukimaliza, uko na nyumba mbele na shimo nyuma.

Wakati wa mahema mashimo haikukuwa. Bloki yetu, njo mutaa, ikakomaa, robine ya mayi ikakuya, masomo ikakuya, na nyuma ya kila mulango shimo. Mvula ikinyesha inajaa mayi ya matope, hauone chini.

Ile asubui yaya alienda kuteka mayi, mutoto wake alikuwa analala. Njo kwanza alikuwa anaanza kutembea. Mimi nilikuwa naosha sahani inje. Yaya akarudia, akakuta mukeka ni mutupu.

"Mudogo, uko naye?"

"Siko naye."

Aliangusha bido ya mayi. Sisi wote tukaangalia fasi moja.

Mayi ya shimo ilikuwa imetulia kabisa. Mama jirani akatokea, akaniambia, "Si kila siku uko na mudomo mukubwa ya kusema? Leo ingia basi, umutafute."

Niliingia. Mayi ikanifika kifuani. Nilikuwa natafuta na miguu, na kila hatua naomba nisipate kintu. Alafu nikakanyaga kintu laini.

"Ni nini?" yaya akauliza.

Niliinama, kichwa mu mayi, nikavuta. Gunia ya mbolea, imejaa matope. Yaya akaikala chini.

Njo pale baba wa nyumba ya mwisho akakuya na mutoto ku bega. "Mwizi wenu huyu. Amemaliza bukari yangu, ugali yote ya sahani."

Mutoto alikuwa anacheka, bukari ku mashavu. Hatukucheka. Kufika kule, alipita kando ya shimo ya kila jirani, peke yake.

Tangu siku ile yaya halale muzuri. Mvula ikianza anaamuka, anashika mutoto muguu. Na wewe unasema tuzibe tu shimo. Tuzibe na nini? Udongo yake iko mu kuta. Unataka tubomoe nyumba?