Kigujarati cha Nyuma ya Kaunta

Watu wa mtandaoni walinichosha. Baada ya kustaafu ualimu nilijifunza Kisanskriti kwa simu, nikafika mahali nikataka lugha hai inayofanana nacho, niongee na mtu mwenye pumzi. Nikauliza. Mmoja akasema Kimarathi, mwingine Kibengali, wa tatu akamtukana wa pili na kunielekeza Kinepali. Mimi nakaa Bondeni. Mnepali nitamtoa wapi, mtaroni?

Nikachagua Kigujarati kwa hasira, kwa sababu kiko hapa mjini tangu enzi za reli. Na kumbe kinafaa. Kimehifadhi jinsia zote tatu za maneno ya Kisanskriti: ya kiume, ya kike na ya kati. Mkono uliokuwa hasta sasa ni haath, sikio lililokuwa karna ni kaan. Kanisani wakaniuliza kama nimebadili dini. Upuuzi mtupu.

Mama mmoja Mhindi mwenye duka la vitambaa alikubali kunifundisha mchana, wateja wakipungua. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kaunta, yeye akinirekebisha huku akikata bitana, akinicheka mpaka machozi yanamtoka. Sikuwa nimefurahi hivyo tangu nistaafu.

Sasa, huku kwetu kila jamii ina tabia moja: ukitaka kumsema mtu aliye mbele yako, unahamia lugha ya nyumbani. Shangazi zangu hufanya hivyo kwa Kimaragoli bila haya. Siku moja mwana wa yule mama akamwambia mamake, kwa Kigujarati, kwamba mfanyakazi wao, aliyesimama hapohapo na jora la kitambaa begani, ataachishwa kazi Jumamosi, na asiambiwe mapema. Nikaelewa kila neno.

"Mwambie leo," nikasema, kwa Kigujarati hichohicho.

Yule kijana akanikodolea macho. "Madam, hapa si darasa. Hii ni lugha yetu ya nyumbani. Usikuje kukaa hapa tena."

Mamake aliendelea kukata bitana.

Wiki iliyofuata nilirudi kama mteja. Nani wa kunizuia kununua uzi? Mfanyakazi hakuwepo tena. Kijana alisimama kando ya mamake. Nikamsalimu mama kwa lugha aliyonifundisha mwenyewe, nikaomba uzi mweupe, polepole, kila neno mahali pake.

Akamtazama mwanawe. Kisha akaniambia, "Sema Kiswahili, madam. Mimi hapana elewa."