Mjeledi wa Harusi ya Fevronya

Glafira aliolewa kwa mjeledi, kama wanawake wote wa kando ya mto Oka, huko Urusi. Babake alimchapa kidogo mbele ya wageni, akasema mamlaka yake yamekwisha, kisha akamkabidhi bwana harusi, Yermolai, ule mjeledi. Yermolai hakuishia kuchapa kidogo. Kila ulipochakaa aliusuka upya, huku anaimba.

Sasa binti yao Fevronya anaolewa, na mjeledi uleule ulikuwa uhamie kwa mkwe. Glafira akaapa hauhami. Asubuhi ya harusi akautia kwenye tanuri pamoja na kuni.

Wageni walipoketi, Yermolai akauliza, "We mwanamke, mjeledi uko wapi?"

"Nimeuokea mkate. Ndio huo unaoutafuna."

Watu wakaangua kicheko. Yermolai akamzaba kofi mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, aibu kubwa kwa mke wa mtu. Glafira hakukiokota. Alikuwa akimtazama bwana harusi, Nikanor, kijana mpole, hata pombe hanywi.

"Usijali, baba mkwe," Nikanor akasema taratibu, akachomoa mjeledi mpya kwenye buti lake. "Nimekuja na wangu."

Wakashangilia. Fevronya akamwokotea mamake kitambaa, akamnong'oneza kwa hasira, "Mama, mbona waniaibisha? Si wewe uliyeniambia mume asiyechapa hapendi?"

Kweli alimwambia. Mtoto alikuwa mdogo, analia kwa kuona jicho la mama limevimba, na ilibidi aambiwe kitu.